Glavu ya Kushoto

Saa kumi alfajiri, Kajaani imelala,
mimi niko barabarani na gari la kusukuma theluji.
Kazi yangu ni kufuta.
Nyayo za sungura, za walevi wa Jumamosi,
za mbwa wa Heikkinen asiyefungwa kamba,
zote nazikunja ukingoni kama shuka chafu,
na mji ukiamka unadhani hakuna aliyepita.

Ila uani kwangu sijasukuma. Leo siku ya nne.
Riikka hajaniuliza.

Alhamisi tulimtoa Eelis nje, miezi ishirini na moja,
kavimba kwa nguo kama donge lililokolea hamira,
akatembea toka mlangoni hadi kibanda cha sauna,
hatua kumi na saba. Tulipiga makofi.
Kisha nikatazama chini.
Kulia: kisigino, wayo, kidole gumba, mguu kamili.
Kushoto: ncha tu,
na nyuma ya ncha mfuo mwembamba
kama wa mtu aliyekuwa akiandika, akasinzia.

Nasoma nyayo tangu utotoni.
Baba alinionyesha kulungu aliyejeruhiwa
anavyojisema mwenyewe ardhini.
Siku hiyo nilitamani ningekuwa sijafundishwa.

Nilisema ni viatu. Nikanunua vingine.
Nikasema ni zulia. Nikalikunja zulia.
Nikasema mjomba Taisto naye alichelewa,
na Taisto huyo leo anaezeka mapaa.

Riikka alijua mapema zaidi. Hakubishana.
Aliniwekea tu mezani, kando ya kahawa, jozi ya glavu
alizofuma mama yake mwezi wa kumi.
Ya kulia imetoboka, ina uji, ina manyoya ya paka.
Ya kushoto mpya.
Ngumi iliyomo ndani yake haijawahi kwenda popote.

“Keshachagua mkono,” mama mkwe alijisifia,
“mdogo hivi! Huyu ana akili.”
Kachagua, ndiyo. Wa kulia, mkono anaolia uji.
Na usiku, bafuni, bomba likiwa wazi,
Riikka analichukua neno lilelile
analigeuza.
Mimi nimesimama nje ya mlango na taulo.

Anahesabu: ile homa ya wiki ya thelathini,
yale masaa mawili mkunga aliposema tusubiri,
ile ngazi aliyopanda kupaka rangi chumba cha mtoto.
Ile ngazi nilimshikia mimi.
Hajanitaja. Ningependa anitaje.

Daktari Paananen ana mikono ya joto.
Aliweka kigari cha mbao upande wa kushoto,
Eelis akapitisha mkono wa kulia mbele ya kifua chake
kama mgeni anayefikia chumvi mbele ya jirani.
Kigari kikasogezwa mbali. Akafanya vilevile.
Akacheka, sote watatu tukacheka naye,
daktari akiandika.
Kisha akakunja kifundo cha mguu, polepole, tena,
akisikiliza kwa vidole.
“Huenda,” alisema.
“Huenda ni mtindio wa ubongo, kiasi, upande mmoja.
Huenda sivyo. Tutapiga picha Februari.”

Huenda. Tulirudi nalo nyumbani,
limekaa kiti cha nyuma ubavuni mwa mtoto,
na karibu na kituo cha mafuta nikamsikia Riikka,
uso dirishani, akilikata vipande:
hu-enda. Anaenda, Jouni. Hatua kumi na saba.
Sikujua kama anacheka.

Leo wametangaza sentimita ishirini.
Uani patafutika pasipo mimi.
Nimerudi saa mbili, ndevu zimeganda,
nikawakuta ukumbini, Eelis mgongoni kwa sakafu
akipiga teke hewa, la kulia juu, la kushoto baadaye,
na Riikka kapiga magoti akimvalisha.
Amezibadilisha glavu.
Iliyotoboka kaivika ile ngumi,
akiipapasa ifunguke, kidole kimoja, kisha kimoja.
“Hii inajua njia,” akaniambia,
bila kuinua kichwa.
“Lete kofia yake.”